Kranki ya Akiba: Kutu na Kuanguka Huiharibu Kabla ya Injini

Ndugu mafundi, nyinyi wenye karakana uani kwenu, na vijana mnaojifunza kazi, karibuni.

Kuna swali linalozua ubishi kila mafundi wanapokutana: krankishafti ya akiba, yaani kranki, ile shafti inayogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko, isimamishwe au ilazwe? Mmoja ataapa kwamba ukiilaza mwezi mmoja inapinda. Mwingine atasema chuma ni chuma, weka popote. Nitalijibu swali hilo, ila si sasa, kwa sababu limetusahaulisha mambo mawili yanayoharibu kranki zaidi kuliko kulazwa: kutu na kuanguka. Unaweza kuisimamisha wima kama mlingoti, ukarudi baada ya miezi sita ukaikuta haifai, kwa kuwa uliisimamisha bila mafuta, juu ya saruji tupu, karibu na chaja ya betri.

Tuelewane kwanza kwa nini kutu kidogo tu ni hasara kubwa. Shingo za kranki, yaani zile sehemu za duara zinazokaa ndani ya beringi, hazigusani na beringi injini inapozunguka. Zinaelea juu ya utando wa oili wenye unene wa mikroni chache, wakati unywele wa mtu una mikroni kama 70. Kishimo cha kutu ambacho macho yanakiona kama doa, kwa utando ule ni bonde. Oili inakatika pale, kingo za kishimo zinakwangua beringi, na beringi ikishaanza kukwanguka haichukui muda. Ukiipeleka kwa mkerezaji, beringi zinauzwa kwa seti, kwa hiyo atasaga shingo zote za aina ile, za meni (zinazobeba kranki kwenye bloku) au za konrodi (zinazoshika fimbo za pistoni), kushuka 0.25 mm, ile tunayoiita ten. Kama ilikuwa ten tayari, inashuka twenti, yaani 0.50 mm. Injini nyingi ndogo zina beringi za ngazi mbili au tatu tu chini ya standadi. Baada ya hapo kranki inakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Doa la jasho la vidole kwenye shingo moja linaweza kula theluthi ya maisha ya kranki nzima. Na kama ni kranki iliyoimarishwa kwa naitrojeni, ngozi yake ngumu haifiki hata nusu milimita, kwa hiyo baada ya kusagwa huenda ikahitaji kuimarishwa upya, kazi ambayo si kila karakana inaifanya.

Kabla hujatumia grisi na muda wako, jiulize kama kranki yenyewe inastahili kuwekwa. Pima. Mikromita mbili, ya milimita 25 hadi 50 na ya 50 hadi 75, zinatosha kwa injini nyingi za gari dogo na pikapu. Kila shingo ipimwe mahali pawili, karibu na kila ukingo, na kila mahali mara mbili kwa pembe ya mraba: vipimo vinne kwa shingo. Tofauti kati ya vipimo hivyo inakuambia kama shingo imekuwa yai au imeliwa upande mmoja. Katika injini nyingi ndogo mwisho unaokubalika ni kama 0.02 mm, lakini kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Kupinda kunapimwa kwa kuilaza kranki kwenye vibloki vya V, shingo ya kwanza na ya mwisho, halafu kuweka saa ya kupimia kwenye shingo ya katikati na kuizungusha polepole. Andika namba zote. Zitakuja kukusaidia siku ya kuitoa, kwa maana hutakuwa na haja ya kubisha kama imepinda stoo au ilikuja imepinda.

Nyufa nazo zitafutwe. Kipimo cha uhakika ni kile cha sumaku na unga wa chuma kwa mkerezaji mwenye mashine hiyo, na ukimpelekea mwambie aiondoe sumaku kabla hajakurudishia, la sivyo itanasa kila chembe ya chuma katika karakana yako. Nyumbani kuna njia mbili za zamani ambazo bado zina kazi. Ya kwanza: ivue gia na kila kitu, ing'inize kwa mkanda wa nailoni, gonga kila bonge la kusawazisha kwa nyundo ndogo. Nzima inalia kama kengele na sauti inavuta. Yenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Kranki ya kusubu hulia kwa muda mfupi kuliko ya kufuliwa, kwa hiyo linganisha bonge na bonge katika kranki ile ile, si kranki na kranki. Ya pili: ipake mafuta ya taa, iache nusu saa, ifute ikauke kabisa, kisha pakaa chaki ya unga kwenye kona za shingo. Penye ufa mafuta yatarudi nje na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Tazama hasa ile kona ya mviringo shingo inapokutana na bawa, yaani bapa linaloiunganisha na shingo ya pili, na midomo ya matundu ya oili. Nyufa nyingi huanzia hapo. Njia hizi mbili zinakuonyesha kranki mbovu. Haziwezi kukuhakikishia kwamba nyingine ni nzima.

Sasa kusafisha. Mafuta ya taa au dizeli, brashi ngumu ya nailoni, na brashi ndefu nyembamba kwa ajili ya njia za oili. Petroli muiache, mvuke wake unatambaa sakafuni mpaka kwenye jiko la jirani. Kama njia za oili zina vizibo vya kufungua kwa bisibisi au ufunguo, vifungueni, kwa sababu nyuma yake kuna tope la miaka ambalo hewa ya kompresa peke yake hailiondoi. Vizibo vya kugongwa viacheni kama huna vipya. Mkimaliza, pulizeni kila tundu, mkiwa na miwani. Lakini kabla ya kupuliza, fungueni koki ya chini ya tangi la kompresa mkamwage maji. Pwani, tangi la kompresa hukusanya maji mengi, na usipoyatoa utakuwa unanyunyizia kranki yako maji kwa nguvu ndani ya njia ambazo huwezi kuzifuta. Kuanzia hapo, kranki ishikwe kwa glavu. Jasho lina chumvi, na chumvi inavuta unyevu wa hewa hata siku isiyo na mvua.

Tunafika kwenye mafuta ya kukinga, na hapa ndipo penye makosa mengi.

Kosa kubwa ni oili chafu. Inapatikana bure, ni nyeusi, inaonekana nzito, kwa hiyo mtu anaona afadhali. Oili iliyotoka kwenye injini ina asidi za moshi, maji na masizi. Unaipaka kwenye shingo safi kile kilichokuwa kinaila injini. Kosa la pili ni kutegemea dawa za kupuliza za kufungulia nati zilizoshika kutu. Hizo zinafukuza maji vizuri, na kwa kazi hiyo ni nzuri, lakini utando unaobaki ni mwembamba na hautoshi kwa miezi. Oili mpya ya injini, tuseme SAE 40 au 50, inafaa kwa wiki chache; baada ya hapo imeshateremka na kujikusanya chini, na sehemu za juu zimebaki tupu.

Kwa miezi sita na zaidi, chaguo la kwanza ni kinga ya kutu yenye nta, inayopakwa kwa brashi au kupulizwa, na inayoganda ikawa kama ngozi. Ikikosekana, grisi ya lithiamu inafanya kazi. Grisi peke yake ni nzito na inaacha mapengo ya hewa kwenye kona, na kutu huanzia kwenye pengo. Changanya sehemu moja ya grisi na sehemu moja ya oili mpya ya SAE 40, weka kopo ndani ya maji ya moto, si juu ya moto, ukoroge mpaka iwe uji wa kupakwa kwa brashi. Kwa kranki ya silinda nne, gramu 200 za mchanganyiko zinatosha na kubaki. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato nayo yanafaa, kama huna kingine. Paka shingo zote, uso wa flenji (ule mwisho wa kranki unaofungiwa flaiwili), njia ya kii (mfereji wa kabari inayoshika gia), meno ya bolti za mbele, na pale sili ya oili inapokaa. Njia za oili zijaze oili safi kwa kopo lenye mdomo mrefu, mpaka itokee tundu la upande wa pili. Msizibe matundu hayo kwa vitambaa. Siku ya kufunga injini kuna kitambaa kitakachosahaulika, na beringi moja itakaa kavu.

Karatasi ya kufungia nayo ina maneno. Ipo karatasi maalumu ya kuzuia kutu, ambayo inatoa mvuke unaotanda juu ya chuma. Inafanya kazi vizuri, ila kwa sharti moja: lazima ifungiwe ndani ya nailoni, la sivyo mvuke unakwenda zake. Kama huna, tumia karatasi ya nta, ile isiyopitisha mafuta, halafu nailoni nzito juu yake, ya mikroni 150 au 200. Gazeti hapana, linanyonya mafuta kisha linanyonya unyevu. Vitambaa vya pamba vivyo hivyo. Na mfuko wa saruji, nawaomba sana, msiutumie hata ukiwa umekung'utwa mara kumi. Vumbi la saruji ni msasa, na likishaingia kwenye grisi na grisi ikaingia kwenye tundu la oili, umeshatengeneza dawa ya kusagia beringi.

Kuna jambo la saa ya kufunga ambalo watu wa nyanda za juu, Mbeya, Iringa, Arusha, wanapaswa kulijua kuliko sisi wa pwani. Usiku chuma kinapoa. Asubuhi hewa inapata joto na unyevu upesi, lakini kranki ya kilo 25 inachelewa kupata joto. Hewa ile yenye unyevu ikiigusa, inatoka jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ukiifunga nailoni saa hiyo umeyafungia maji ndani. Funga mchana mkavu, kranki ikiwa imekaa humo karakana saa kadhaa na ina joto sawa na chumba. Kwetu pwani, Tanga, Dar es Salaam, Unguja, Mombasa, shida ni nyingine: unyevu wa hewa unakaa juu ya asilimia 60 karibu mwaka mzima, na kutu ya chuma hukimbia kuanzia hapo, tena upepo wa bahari unaongeza chumvi. Huku nailoni moja haitoshi. Weka mbili, na midomo ikunjwe na kufungwa, si kupachikwa tu.

Sasa lile swali la kusimamisha na kulaza. Chuma katika joto la kawaida hakilegei kama mshumaa juani. Chukua shafti nyoofu ya chuma, nene 50 mm, ndefu 600 mm, ambayo ina uzito wa kilo 9 hivi, uishike miisho miwili tu: hesabu inaonyesha katikati itanyumbuka kama mikroni 4. Kranki ina mabawa na makona, kwa hiyo inanyumbuka mara kadhaa zaidi ya hapo, lakini ukiinyanyua inarudi ilikotoka. Uzito wake wenyewe hauipindishi ikabaki hivyo. Kinachoipinda ni kuwekewa kitu juu, kuegemezwa kwenye kona ya ukuta ikapigwa teke, kuangushwa, au kuwa ilishanyooshwa kwa presi ikabaki na mkazo ndani yake. Kranki iliyonyooshwa kwa presi inaweza kurudi taratibu ilikokuwa hata kama hukuigusa, na hiyo ipimwe tena kabla ya kufungwa, popote ilipowekwa.

Hata hivyo ninasimama upande wa wanaosimamisha. Wima inachukua nafasi ndogo, vumbi halikai juu ya shingo, hakuna atakayeona ni rafu ya kuwekea silinda hedi, na shingo hazigusi kitu chochote. Ila lazima ifungwe. Kitu cha kilo 25 kinachosimama kwenye flenji yenye upana wa kiganja ni hatari kwa mtoto anayekimbiza mpira uani.

Kata mbao kavu ya unene wa 50 mm, mraba wa 300 kwa 300. Toboa matundu yanayolingana na matundu ya bolti za flaiwili, angalau matatu, na tundu kubwa la katikati kwa ajili ya pini au kitovu cha flenji. Weka kipande cha plastiki ngumu kati ya flenji na mbao. Dumu kuukuu la mafuta ya kula, likioshwa na kukatwa, linafaa kabisa. Mbao mbichi hutoa asidi, na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa yenye shaba zinakula chuma, ndiyo maana plastiki iwepo. Mpira wa tyubu msiutumie kwenye uso uliosagwa. Una salfa, unaacha alama. Funga bolti kutokea chini, kwa mkono na robo mzunguko tu. Kisha theluthi mbili ya urefu kutoka chini, zungusha mkanda wa nailoni kwenye bawa, si kwenye shingo, ukaufunge kwenye ndoano iliyotiwa ukutani. Mbao zote zikae juu ya rafu, sentimita 15 kutoka sakafuni. Saruji inapumua unyevu wa ardhini hata ikionekana kavu.

Flenji iwe chini, pua, yaani mwisho wa mbele, iwe juu. Lakini ukingo wa flenji ndipo sili ya nyuma inapokaa, na mkwaruzo mmoja hapo utavujisha oili kwenye klachi, na huo ndio mchezo wa kushusha gia boksi mara mbili. Kwa hiyo unapoiteremsha kwenye mbao muwe wawili. Kranki yenye ringi ya sensa nyuma, ringi hiyo isibebe uzito hata kidogo. Inue flenji kwa washa nene.

Kuning'iniza pia ni kuzuri, bolti ya kitanzi ikikazwa kwenye tundu la flenji lenye meno yanayolingana. Shida ni paa. Kenchi za nyumba nyingi zilitengenezwa kubeba mabati, si chuma cha injini. Tengeneza mkono wa chuma cha engo, 40 kwa 40, unene wa milimita 4, uliofungwa kwenye ukuta wa tofali kwa bolti za kutanuka, na kranki zisikaribiane kiasi cha kugongana zikitikiswa.

Na kama hakuna budi kulaza, ilazwe kwa adabu. Kata vitanda vya mbao vyenye umbo la V, uvivike plastiki ya dumu, uviweke chini ya shingo za meni. Shafti inayobebwa mahali pawili hunyumbuka kwa kiasi kidogo kabisa pale egemeo linapokuwa umbali wa asilimia 22 hivi ya urefu kutoka kila mwisho. Kwenye kranki yenye meni tano, hapo ni karibu kabisa na meni ya pili na ya nne. Kwenye ya silinda sita yenye meni saba, kama ya injini ya dizeli ya Toyota 1HZ, weka vitanda vinne: ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba, vyote vimo usawa mmoja. Isilale juu ya mabonge, isibebane na nyingine.

Alama. Hili linapuuzwa na linaumiza. Kranki ya 2L na ya 3L za Toyota zinafanana mno machoni, lakini ya 2L inasukuma pistoni milimita 92 na ya 3L milimita 96. Ukichanganya, utagundua ukiwa umeshanunua gasketi. 5L nayo ina milimita 96. Kwa hiyo kila kranki iwe na kibati kilichofungwa kwa uzi wa nailoni kwenye tundu la flenji, si waya kuzunguka shingo: aina ya injini, mwendo wa pistoni, saizi ya meni na saizi ya konrodi kila moja peke yake, unene wa thrasti washa (zile zinazozuia kranki kusogea mbele na nyuma), kiasi cha kupinda, na tarehe. Namba zilizogongwa kiwandani kwenye bawa zinakiliwe kabla ya grisi kuzifunika. Usigonge namba zako mwenyewe karibu na kona ya shingo. Kila kovu pale ni mahali pa ufa kuanzia. Kii na bolti zake zikae kwenye mfuko wake, na mfuko ukae na kranki.

Kwa mafundi wa bodaboda, kranki zenu ni jamii nyingine. Ya Boxer na wenzake imeunganishwa kwa presi vipande vipande, konrodi ikiwa ndani tayari na beringi ya vijiti. Kutu ikiingia kwenye vijiti vile hamwezi kuifuta. Timbukizeni beringi yote kwenye oili mpya, izungusheni mara kadhaa, funga nailoni. Na ikianguka, hata kama haionyeshi kitu, mabawa yake yanaweza kuwa yamejipinda kwenye pini. Ipimwe kabla ya kuamini.

Vitu vya kuwa mbali nayo: chaja ya betri, asidi ya kusafishia vigae, klorini, chumvi, na magunia ya mbolea. Mashine ya kusagia isielekee huko. Na anayechomelea asibane waya wa ethi (ati) wa mashine kwenye meza iliyobeba kranki. Cheche moja kwenye shingo inaacha doa gumu lenye ufa.

Ukaguzi uwe kila miezi mitatu pwani, kila miezi sita bara. Fungua, pitisha kitambaa cheupe kwenye shingo moja ya mbele na moja ya nyuma. Kikitoka na ukahawia, fungua zote. Kutu nyepesi inaondoka kwa msasa wa 1000 au 1500 ulioloweshwa oili, ukizunguka shingo kwa mwelekeo injini inavyozunguka, kamwe si kwa urefu. Kisha ukucha uamue: ukikwama kwenye kishimo, hiyo ni ya kusagwa. Ukipita, pima tena kwa mikromita, paka, funga, andika tarehe kwenye kibati.

Siku ya kuifunga kwenye injini, grisi yote itoke, hasa kwenye njia za oili, kwa maana grisi haipiti pale ambapo oili ingepita, na injini ikiwaka beringi zitangoja. Osha, pitisha brashi, puliza, pima kupinda ulinganishe na kile ulichoandika. 

Mikromita na vibloki vya V viko hapa mezani, na kranki mbili hizi, moja ya 2L na moja ya 3L, hazina alama. Vijana waje mbele kwanza, watuambie ipi ni ipi.